Sura ya Tisa: Pazia la Bi Mwanajuma

Siku niliyopeleka barua ya posa Kiongoroni nilivaa kanzu mpya, nikajipaka udi mpaka shingoni, na kuanzia Kibiti hadi gati ya Nyamisati nikaitoa ile barua mfukoni na kuirudisha mara kumi. Mshenga wangu, Bwana Haidari, mnunuzi wa kaa pale Kibiti na mtu mwenye maneno kuliko redio zote za ukoo wetu, alidhani ni woga wa kawaida wa mchumba.

"Wewe Razaki," aliniambia boti ilipokwisha kuingia kwenye msitu wa mikandaa, "mtoto wa Mshamu mzima! Redio yenu, runinga yenu, gazeti lenu. Leo unaogopa kukataliwa na watu wa delta?"

"Siogopi kukataliwa, Bwana Haidari."

"Sasa unaogopa nini?"

Nilichokiogopa ni kukubaliwa.

Babu yangu alianza na kibanda cha kutengeneza redio mbovu Nyamwage, kando ya barabara. Baba akapata kibali cha kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha runinga. Mimi Abdulrazaq nilipopata akili nilikuta kila kitu kiko mezani, kazi yangu kula tu. Nilichoongeza ni vizimba vya kunenepeshea kaa huku delta, na mfuko wa hisani wenye jina la ukoo. Na kila mfuko ulipotoa, kamera ilikuwepo. Nimekabidhi madawati, vyandarua na matangi ya maji. Nimekata utepe mara nyingi kuliko fundi cherehani. Ukinitaja jina mtu atafikiri kidogo, lakini akiniona sura hana shida: "Si yule wa runingani?"

Zuhra hakushtushwa na sura hiyo hata siku moja. Yeye ni muuguzi wa zahanati ya Kiongoroni. Nilipokwenda kukabidhi jokofu la chanjo, mpigapicha wetu Dulla alitaka nisimame nimelifungua mlango, nitabasamu. Nikatabasamu. Zuhra akaja akaufunga, vidole vyangu vikiponea chupuchupu. "Chanjo inaharibika, kaka," alisema. "Ukitaka kutabasamu, tabasamu limefungwa." Nikacheka mpaka Dulla akashusha kamera. Tangu siku ile, mwaka mmoja na nusu sasa, hata nikipendeza mbele ya mtu mwingine sioni raha.

Kisha baba yake, Mzee Mtoro, akafariki.

Nilikwenda kuhani siku ya sita. Dulla nilikuwa naye, kwa kuwa safari hiyohiyo tulikuwa tukipiga filamu fupi ya kuchangisha fedha za boti ya wagonjwa. Mama yake Zuhra, Bi Mwanajuma, alikuwa ameingia eda. Walimtundikia pazia la khanga mbili zilizoshonwa pamoja, naye yuko nyuma yake, amevaa nyeupe, haonwi na mwanamume asiye wake. Nikampa pole nikiwa nje ya pazia, naye akanijibu akiwa ndani. Upepo wa mto ukaingia ukaliinua lile pazia. Nikageuza uso haraka, kama nilivyolelewa. Kamera ya Dulla haikugeuka.

Wiki mbili baadaye, Dar es Salaam, tukiwa kwenye chumba cha kuhariri, Dulla mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Bosi, hii tuiache. Huyu mama yuko edani."

Nikaitazama mara ya pili. Uso ule, machozi yale, nguo ile nyeupe. Nikajua hakuna atakayeuona akaacha kuchangia.

"Iweke mwanzo kabisa," nikasema.

Halafu nikachukua karatasi nikaandika maneno ya mtangazaji: Mama huyu amempoteza mume kwa kukosa boti. Mzee Mtoro hakukosa boti. Wala siwezi kusema sikuijua mila. Bibi yangu wa kule kijijini Mkongo alikaa eda nikiwa na miaka tisa. Siku moja nikamkimbilia chumbani nimemshika mkono mgeni wa kiume, na kofi nililopigwa na shangazi bado nalisikia. Nilijua. Watu wakachanga, boti ikanunuliwa, na mwezi uliopita imemfikisha Nyamisati mama mjamzito, yeye na mwanawe wako salama. Usiku ule nilipopata habari nilifurahi, kisha nikashindwa kujitazama kwenye kioo.

Sasa Bi Mwanajuma alikuwa ametoka eda siku ya tatu, nami huyo naja na barua.

* * *

Maji yalikuwa yanakupwa tulipofika. Boti ikakwama hatua thelathini kabla ya ukingo, ikabidi nivue viatu, nipandishe kanzu, nitembee kwenye tope. Zuhra alikuwa amesimama ukingoni na sare yake ya kazi, mtandio wa kijani kichwani. Aliniangalia ninavyochota tope akauma mdomo ili asicheke. Macho yake nikayaona kwa mbali, nikatamani ule ukingo usifike.

"Bwana harusi gani huyu," alisema, "anakuja na kanzu ya rangi mbili?"

"Bwana harusi bado. Barua haijafunguliwa."

Haidari, kwa adabu zake, alijifanya ana shida na kamba ya boti. Zuhra akashusha sauti.

"Itafunguliwa. Nimekwisha sema na mama. Alikuwa mgumu, Razaki, hujui tu. Miezi yote hii kila nikikutaja ananigeuzia uso ukutani. Lakini nimemwambia ni wale vijana wenu wa kamera. Nimemwambia wewe hukujua."

"Zuhra..."

"Ngoja nimalize. Hakuniamini, basi nikachukua msahafu."

"Ukachukua nini?"

"Nikaapa. Mbele yake na mbele ya baba mdogo. Nikasema kwa haki ya kitabu hiki, Razaki hakujua." Alitabasamu, lakini macho yalikuwa na machozi. "Sasa usinitazame hivyo. Sijakuapia bure, mimi nakujua."

Ningesema palepale. Ninyi mnaosoma mtaniuliza kwa nini sikusema, nami sina jibu la kupendeza. Alikuwa ananiangalia kama mtu anavyomwangalia mtu wake, na nilitaka aniangalie hivyo dakika moja zaidi. Nikanyamaza. Akapanda kwenda kwao.

Desturi ni kuwa mshenga ndiye anayeingia na barua, mchumba hasogei. Haidari akakaza kofia, akaenda. Nikakaa juu ya gogo karibu na boti, nikakitazama kile kisahani cha maji kilichobaki. Hata robo saa haikupita, nikamwona anarudi, barua iko mkononi vilevile.

"Wamegoma kuifungua," alisema. "Mama anakutaka wewe."

"Mimi? Si desturi."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akaniambia, na runinga nayo si desturi kuingia edani."

* * *

Nyumba ilikuwa ileile, ila paa lilikuwa limeezekwa bati upya. Baba mdogo wa Zuhra, Bwana Abdulazizi, alikuwa ameketi mkekani. Bi Mwanajuma alikaa kwenye kigoda, amejifunga khanga mpya za kutokea eda, nyekundu na nyeusi. Lile pazia bado lilikuwepo mlangoni kwa chumba, limefungwa pembeni kwa kamba. Zuhra alisimama karibu nalo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, baba." Nikakaa, nikatazama mkeka. "Inua macho. Uso wangu si umeshauona? Basi uone vizuri, leo nimeoga."

Nikainua macho. Alikuwa mwanamke mzuri, mwenye macho ya Zuhra.

"Mwanangu kaapa," alisema. "Sikumtuma, kaapa mwenyewe. Mimi kiapo chake nimekipokea kwa kuwa nimemzaa, lakini moyo haujakipokea. Nawe sikuapishi. Nakuuliza tu. Ulijua?"

Haidari akadakia. "Bibi, mambo ya runinga yana mikono mingi. Huyu anapiga, huyu anakata, huyu anaunga..."

"Mshenga, sijakuuliza wewe."

Bwana Abdulazizi akajikohoza. Alikuwa mtu wa amani, nilimwona anavyotaka yaishe. "Sema hapana, mwanangu, tuendelee na heri," alisema. "Kijana mwenyewe ni wa watu, shemeji. Na boti katuletea."

Hivyo ndivyo walivyonifungulia mlango, watu wema. Neno moja tu, hapana, nami ningetoka pale na mke. Nikamtazama Zuhra. Aliniangalia bila wasiwasi wowote, mkono mmoja umeshika lile pazia, na nadhani kama angekuwa na shaka hata kidogo ningesema uongo.

"Nilijua," nikasema.

Kuku alipita barazani, akachungulia, akaenda zake.

"Sema vizuri," Zuhra alisema. "Ulijua nini?"

"Yote. Dulla alinikataza. Aliniambia mama yuko edani, tuiache. Mimi nikasema iwekwe mwanzo. Na yale maneno ya boti niliyaandika mimi, kwa mkono wangu."

"Ukaniacha niape?"

"Sikujua kama utaapa."

"Pale ukingoni ulijua! Nilikwambia, ukanyamaza!" Sauti ilimkatika. "Nimeshika msahafu, Razaki. Kwa ajili yako."

Aliachia pazia, akaingia chumbani. Sikumsikia akilia, na hilo liliniuma kuliko kama ningemsikia. Nimewahi kutukanwa magazetini na wapinzani wa baba, nimewahi kuzomewa uwanjani, lakini aibu niliyoiona kwenye mkeka ule sijaiona tena. Masikio yaliwaka moto. Nikatazama tope lililonikaukia miguuni, nikaona hata miguu yangu inanichukia.

Bi Mwanajuma hakupaza sauti.

"Mtoro alikufa kitandani kwake," alisema. "Kichwa kiko mapajani pangu. Kaomba maji, nikampa. Kataka asomewe Yasini, Zuhra kamsomea. Akashukuru, akafumba macho. Miaka thelathini na nane tumeishi naye, na siku ile hakukosa kitu. Wewe ukawaambia watu kakosa."

"Nisamehe, mama."

"Na usichokijua kingine," alisema Bwana Abdulazizi, sasa naye akiwa amekunja uso, "wanasema tumeuza msiba. Hapo bandani kwa jamaa aitwaye Sikujua watu wanatazama mpira, ikifika mapumziko shemeji yangu huyo anatokea. Watoto wanamwita mama wa runinga. Mimi nimeuza ufuta wangu nikaezeka bati, wakasema bati la uso wa mjane. Sisi tulikuwa tunatukanwa, nami leo hii nakwambia sema hapana!"

"Filamu nimekwisha iondoa," nikasema. "Wiki iliyopita."

"Boti ilipokwisha kununuliwa," alisema Bi Mwanajuma.

"Ndiyo, mama."

"Ilipokwisha kazi."

Halafu nikafanya kile ambacho watu wa nyumba yetu hufanya wakikosa la kusema. "Nitaomba radhi hadharani," nikasema. "Kwenye runinga, nchi nzima. Hata leo, nikipiga simu..."

"Tena?"

Neno moja tu. Haidari aliinamisha kichwa kwa aibu yangu.

"Nchi nzima hainijui, baba. Wanaonijua ni hawa wa hapa. Ungenijia siku ile ukaniambia, Bi Mwanajuma, tunatafuta boti, tupe maneno yako, mimi ningekupa. Pazia liko palepale, sauti yangu ungeichukua. Mimi watoto wangu wawili wamefia mtoni hapo nikiwapeleka hospitali kwa mtumbwi. Ulikuwa nayo habari hiyo?"

"Sikuwa nayo."

"Hukuuliza. Ulitaka uso." Alijifunika khanga vizuri begani. "Haya, nenda. Barua mwachie shemeji."

Nikatoka. Nilitaka kukimbia, kwenda kujifungia mahali, lakini boti ilikuwa imelalia ubavu juu ya tope kavu. "Maji mpaka saa kumi na moja," Haidari alisema nyuma yangu. Ilikuwa saa kumi kasoro. Ukifedheheka mjini unaingia garini unapandisha vioo. Kiongoroni unasubiri maji yajae, na kila anayepita anakutazama.

Nikausikia mlio wa jenereta, na kelele za mpira. Banda la Sikujua lilikuwa hatua hamsini kutoka nilipokuwa. Hakuna aliyenituma. Nilikumbuka tu yale maneno, wanaonijua ni hawa wa hapa.

Nikaingia, nikapita katikati ya mabenchi, nikasimama mbele ya runinga.

"Toka mbele wewe!"

"Si yule wa runingani? Ona, katoka humo!"

Wakaangua kicheko. Sikujua, mwenye banda, akaniona uso, akapunguza sauti ya mpira. Mwanamke mmoja muuza kashata aliyekaa mlangoni akaniuliza, "Umekuja na kamera?"

"Hapana, mama."

"Haya, sema."

Nikasema. Nikawaambia Mzee Mtoro hakufa kwa kukosa boti, alikufa kwake, amesomewa na mwanawe. Nikawaambia watu wa nyumba ile hawakuombwa, hawakuambiwa, hawakupewa hata kipande cha sabuni, na bati la Bwana Abdulazizi ni la ufuta wake. Nikawaambia mwenye kuuweka ule uso pale ni mimi, na nilikuwa nikijua yuko edani. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alisema, "Laa ilaha illa Llah," akatikisa kichwa. Kijana wa benchi la mbele akauliza, "Umemaliza? Basi sogea, kaka, kona hiyo."

Nikasogea.

* * *

Maji yalikuwa yamefika kwenye mkuku wa boti Haidari aliponijia. Barua ilikuwa mkononi mwake, na bahasha ilikuwa imechanwa.

"Wamefungua!" nikasema.

"Usishangilie. Sikiliza kwanza, na nisikosee hata neno, maana kanirudisha mara mbili nikariri." Alivua kofia. "Bi Mwanajuma kasema hivi. Habari za bandani zimemfikia. Barua ameisomewa. Jibu lake, nawe kakae eda."

"Nini?"

"Miezi minne na siku kumi, kama aliyokaa yeye. Uso wako usionekane runingani, wala gazetini, wala kwenye simu ya mtu. Ukitoa, utoe usionekane. Zuhra usimwone wala usimpigie. Ikiisha, urudi mwenyewe, na kama Zuhra bado ana haja nawe, ndipo waanze kuzungumza mahari. Ikionekana hata picha moja, hesabu imekufa." Akavaa kofia yake. "Nimeshenga miaka ishirini, Razaki. Sijapata kusikia mwanamume akiwekwa eda."

"Inaanza lini?"

"Boti ikielea."

Nikageuka kutazama maji, na nikamwona Zuhra anashuka. Hakuja karibu. Alisimama palepale aliposimama tulipofika, na sasa hakuna aliyekuwa anauma mdomo.

"Nimekuja kusema langu," alisema. "Usidhani mama kanisemea."

"Kiapo chako, Zuhra. Nimeuliza watu hapo bandani, kafara yake ni kulisha maskini kumi. Nitalisha mimi, nitalisha hata mia..."

"Utalisha tena!" Alinikata. "Nitafunga siku tatu. Tumbo ni langu na kiapo ni changu. Usinilipie kitu."

"Sawa."

"Baba mdogo anasema ulipewa njia ya kukana ukaikataa. Mimi hilo nimeliona, nilikuwepo. Lakini nililiona na lile la ukingoni." Alifuta shavu kwa pembe ya mtandio. "Nakupenda, na nakuonea aibu. Yote mawili yamo humu humu, na sijui lipi litabaki."

"Utanisubiri?"

"Sijui, Razaki. Mimi nitakuwepo hapa tu, na chanjo zangu."

Boti ikajitikisa, ikaelea. Haidari akaisukuma kwa pondo, mashine ikawaka. Hatukuwa tumefika mbali simu yangu ikakamata mtandao na kuita. Alikuwa baba.

"Razaki! Jumamosi ni makabidhiano ya visima Ikwiriri, matangazo ya moja kwa moja. Uvae suti ya bluu, ile kahawia mara iliyopita ilikutia uzee."

"Wakabidhini bila mimi, baba."

"Unaumwa?"

"Hapana. Niko edani."



"Edani?" alisema baba. "Kafa nani?"

Nikatazama nyuma, kisha nikakumbuka kuwa siruhusiwi, lakini macho yalikuwa yamekwisha kwenda. Zuhra alikuwa bado yuko ukingoni. Ametupa mgongo, ametazama nyumbani kwao ili uso wake nisiuone, na hakuondoka pale mpaka mikandaa ilipomficha.